Hepburn, Davis, Stanwyck au Bergman: uanze na steringi yupi wa Hollywood ya zamani?

Anayetaka kuingia kwenye sinema za Hollywood za miaka ya 1930 hadi 1950 hukwama mlangoni. Filamu ni maelfu, nyingi hazina rangi, na zile orodha za "filamu mia bora" humpa kazi ya mwaka mzima bila kumwambia aanze na ipi leo usiku. Njia nyepesi ni kumfuata mtu badala ya orodha. Chagua steringi mmoja wa kike, tazama filamu zake tatu kwa mpangilio, naye atakufikisha mwenyewe kwa waongozaji, kwa studio na kwa wanaume aliocheza nao. Ukimpata asiyekufaa, utasinzia dakika ya ishirini na kuapa kwamba sinema za kale ni za wazee.

Hapa wako wanne: Katharine Hepburn, Bette Davis, Barbara Stanwyck na Ingrid Bergman. Kati ya 1939 na 1946 wote walikuwa kazini kwa wakati mmoja, wakibanwa na kanuni zilezile za udhibiti, kwa hiyo tofauti utakazoziona ni zao wenyewe, si za zama.

Tuondoe utata mmoja mapema. Katharine Hepburn na Audrey Hepburn si ndugu. Katharine alizaliwa 1907 huko Hartford, Connecticut; Audrey alizaliwa Ubelgiji mwaka 1929 na ni wa kizazi kilichofuata. Ukitafuta filamu, andika jina la kwanza.

Tunawapima kwa nini

Kipimo cha kwanza ni usemi: kasi yake, lafudhi yake, na kama mtu aliyejifunzia Kiingereza darasani atamfuata. Cha pili ni anachofanya wakati hasemi, maana hapo ndipo nyota hutengana na mtu aliyekariri maneno. Cha tatu ni aina ya hadithi anazobeba, pamoja na jambo ambalo mtazamaji wa huku kwetu huliona haraka kuliko wengine: mtu mweusi amewekwa wapi ndani ya picha. Cha nne ni filamu ya kuanzia na ya kukwepa.

Oscar hatuzihesabu. Hepburn anazo 4, na hakuna mwigizaji aliyemfikia. Bergman 3, Davis 2. Stanwyck aliteuliwa mara 4 akatoka mikono mitupu kila mara, hadi alipopewa ya heshima mwaka 1982. Kwa hesabu hiyo angekuwa wa mwisho, na huwezi kumpata mpenzi wa sinema hizi atakayekubali.

Usemi: nani utamsikia vizuri

Filamu hizi zinaendeshwa na maneno. Hazifanani na zile za mapigano ambazo mtafsiri wa kibanda umiza hukujazia kwa sauti yake ukafuata bila shida. Hapa ukikosa sentensi moja, umekosa kofi.

Bergman ndiye mwepesi kuliko wote. Ni Msweden, mzaliwa wa Stockholm, na alipofika Hollywood mwaka 1939 alikuwa bado anajifunza Kiingereza. Husema taratibu, sentensi zake nyingi ni fupi, na lafudhi yake haifichi neno. Anayetegemea Kiingereza cha shule atamwelewa hata bila maandishi ya chini.

Davis hukata maneno kama anayekatakata karoti: kila moja peke yake, na herufi ya mwisho inasikika. Kumsikia si kazi. Kazi ni kejeli. Katika All About Eve (1950) watu hutukanana kwa adabu kubwa, na unaweza kuelewa kila neno usijue kwamba mtu amekwisha kuchinjwa. Kwa filamu hiyo washa maandishi, na usione haya kurudisha nyuma.

Hepburn ni kesi ya ajabu. Alisoma chuo cha Bryn Mawr, akahitimu 1928, na Kiingereza chake ni cha matajiri wa mashariki mwa Marekani, wasioitamka "r" ya mwisho. Sikio lililozoea Kiingereza cha Uingereza cha shuleni na redioni halishtuki. Kinacholemea ni mwendo. Kwenye Bringing Up Baby (1938) yeye na Cary Grant wanasemezana juu kwa juu, mmoja hajamaliza mwingine ameshaanza, kwa sababu mwongozaji Howard Hawks alitaka hivyo. Wengine hufurahi, wengine huumwa kichwa. Hakuna aliye katikati.

Stanwyck ni mtoto wa Brooklyn, na usemi wake ni wa mtaani. Sauti ni ya chini, kavu kidogo, haipandi hata akikasirika. Misimu yake ni ya miaka ya 1930 na mingine imeshakufa huko huko Marekani. Ball of Fire (1941) inahusu misimu yenyewe, maprofesa waandishi wa ensaiklopidia wakifundishwa lugha ya mitaani na mwanamke wa klabu ya usiku. Ni filamu tamu, ila si ya kuanzia.

Anapokaa kimya: kipande kimoja cha kila mmoja

Tazama kipande kimoja cha kila mmoja kabla ya kuamua. Dakika kumi zinatosha, na vinne hivi vyote viko kwenye filamu zinazopatikana bila taabu.

Davis kwanza, kwa sababu chake ndicho kinachoanza mapema. Fungua The Letter (1940) ya William Wyler. Usiku, mbalamwezi, shamba la mipira huko Malaya (Malaysia ya leo), utomvu unadondoka kwenye kikombe, wafanyakazi wamelala kwenye machela. Risasi inalia. Mwanamume anatoka nyumbani akiyumba, nyuma yake anakuja Davis na bastola, mkono umenyooka, na anaendelea kufyatua akishuka ngazi, na hata mtu akiwa ameshaanguka anafyatua mpaka risasi zote sita zimeisha. Kisha mkono unalegea. Kamera inamsogelea, wingu linafunika mwezi, linaondoka, na mwanga unaporudi unauona uso ambao hauna hofu wala majuto. Hajatamka neno. Filamu nzima iliyobaki ni yeye kueleza kilichotokea, nawe tayari unajua kwamba anadanganya, ila hujui kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo Davis: macho na mikono. Mikono yake haikai bure. Itakuwa na sigara, glavu, au ule uzi anaofuma ndani ya filamu hii hii huku watu wakimjadili.

Stanwyck ni kinyume. Yeye husimama tuli na kukuacha umtafute. Katika Double Indemnity (1944) ya Billy Wilder, mkataba wa bima ni wa dola 50,000, na ajali ya treni hulipa mara mbili. Mume anauawa ndani ya gari na aliyejificha kiti cha nyuma, huku mke akiwa kwenye usukani. Wilder haonyeshi mauaji. Kamera inabaki kwenye uso wa Stanwyck akitazama barabara moja kwa moja. Hakunji kipaji, hatabasamu, ila kuna kitu kinapita machoni kinachofanana na mtu aliyeshiba. Muda mfupi baadaye gari linagoma kuwaka, starta inakohoa mara moja, mbili, na hapo ndipo utajigundua umewashikia pumzi wauaji.

Kwa upande wake wa kicheko, tafuta The Lady Eve (1941) ya Preston Sturges, kwenye mkahawa wa meli. Ameketi, amempa mgongo Henry Fonda, anamwangalia kupitia kioo kidogo cha poda. Wanawake wote wa meli wanahangaika kumvuta yule tajiri wa pombe, naye anawatangaza mmoja mmoja kama mtangazaji wa mpira. Tajiri anapoinuka kuondoka, anatoa mguu. Basi. Fonda yuko chini, trei ziko chini, na Stanwyck ndiye anayelalamika kwamba kisigino cha kiatu chake kimevunjika.

Bergman ni uso, na waongozaji waliujua. Hitchcock katika Notorious (1946) anakianza kipande hiki na kamera juu kabisa ya ukumbi wenye sherehe, watu wadogo chini, kisha inashuka polepole bila kukata hadi kwenye ngumi ya Bergman, na ndani ya ngumi mna ufunguo wa pishi la mvinyo alioiba kwa mumewe. Yeye anacheka na wageni. Mwili unasema karibuni, mkono unasema nimeiba. Kwenye filamu nyingine utamwona akimsikiliza mtu kwa dakika nzima, na ukitazama vizuri utaona amekubali, amekataa, na amekubali tena bila kuinua nyusi.

Hepburn ni mwili mzima. Alikuwa mwanamichezo tangu utotoni, hutembea kwa hatua ndefu na kuvaa suruali wakati studio zilitaka magauni. Kipande chake ni cha mwanzo wa The Philadelphia Story (1940), kisicho na maneno: Cary Grant anahama nyumbani na mizigo, Hepburn anamfuata na mfuko wa fimbo za gofu, anauvurumisha, anavunja fimbo moja gotini, Grant anarudi, anakunja ngumi, anabadili nia, anamsukuma usoni kwa kiganja, naye anaanguka chali. Ni kichekesho cha 1940, na wapo watakaokereka kwa haki kabisa. Lakini ndani ya dakika moja umeshaijua ndoa yao yote.

Hadithi wanazobeba, na sisi tumewekwa wapi

Kanuni za maadili za Hollywood zilianza kutekelezwa kwa ukali Julai 1934 na hazikuondolewa hadi 1968. Hazikuruhusu mhalifu kupona wala mzinifu kufurahi, kwa hiyo waandishi walijifunza kusema mambo kwa mafumbo. Mwenye sikio la khanga na taarabu hatashangaa: utamu uko kwenye kile kisichotajwa.

Davis hubeba wanawake wasiotaka kupendwa na mtazamaji. Muuaji, mchoyo, mama mkali, mwigizaji anayezeeka. Kwenye Now, Voyager (1942) yuko mwema, binti aliyekandamizwa na mama yake, na mabadiliko yake yanaonyeshwa kwa viatu: mara ya kwanza unaona miguu mizito ikishuka ngazi za nyumbani, baadaye viatu vya kupendeza kwenye daraja la meli, na kamera inapanda hadi kwenye kofia pana kabla hujamtambua. Mwaka 1936 aligombana na studio yake, Warner, kuhusu majukumu mabovu, akakimbilia Uingereza, akashindwa kesi London, akarudi, na baada ya hapo ndipo walipoanza kumpa kazi za maana. Upande wa pili: Jezebel (1938), iliyompa Oscar ya pili, iko New Orleans kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na watumwa wamewekwa humo kama watu wenye furaha wa kuimba barazani. The Letter nayo imempaka mwigizaji mzungu, Gale Sondergaard, vipodozi ili awe chotara wa Kiasia.

Stanwyck hubeba wanawake waliotoka chini. Alizaliwa Ruby Stevens, akawa yatima mdogo, akaanza kazi akiwa mcheza dansi, na hakuna jukumu la mwanamke anayehesabu senti ambalo halimkai. Baby Face (1933), iliyotoka kabla udhibiti haujakaza, inamwonyesha akipanda ngazi za benki ya New York kupitia kwa wanaume, na kamera inapanda nje ya jengo ghorofa baada ya ghorofa kila anapopata mwingine. Rafiki yake ndani ya filamu ni mwanamke mweusi, ameigizwa na Theresa Harris, na bwana mmoja anapotaka afukuzwe, Stanwyck anakataa. Kwa 1933 hilo si dogo, ingawa kadiri wanavyotajirika rafiki anaishia kuvaa sare ya kazi za ndani.

Bergman hubeba mapenzi yenye sumu. Katika Gaslight (1944) mume anamfanya aamini kwamba ana wazimu, na Kiingereza cha leo kimechukua jina la mateso hayo kutoka kwenye hadithi hii. Ujanja wake ni wa kifundi: taa za nyumba zote zinatumia bomba moja la gesi, mume akiwasha taa kwa siri darini, mwanga wa chumbani kwa mke unafifia, naye haelewi kwa nini. Lawama juu ya Bergman ni kwamba mara nyingi anatendwa badala ya kutenda. Casablanca (1942) ndiyo mfano: yeye ni sababu ya kila kitu, lakini uamuzi ni wa Humphrey Bogart. Jina ni la mji wa Afrika, ila picha ilitengenezwa studio ya Warner huko Burbank, California. Mpiga piano Sam ni Dooley Wilson, ambaye katika maisha alikuwa mpiga ngoma na piano hakuijua. Ndiye mtu mweusi mwenye heshima kubwa kuliko wote katika filamu zilizotajwa hapa, na hata hivyo Bergman anapomuulizia, anamtaja kama mvulana.

Kwa Hepburn tukae kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyefika. The African Queen (1951) ilipigwa Kongo, kwenye mto Ruiki, na Uganda, upande wa Butiaba kwenye Ziwa Albert na Murchison. Hepburn aliugua tumbo huko. Bogart na mwongozaji John Huston walipona, na walipenda kusema ni kwa sababu walikunywa wiski badala ya maji. Matukio ya kuzama mtoni yalifanyiwa Uingereza kwenye tangi la studio, kwani maji ya mto yalikuwa hatari kwa afya. Hadithi iko Afrika Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914: dada wa mmisionari na nahodha mlevi wanapanga kuzamisha meli ya kivita ya Kijerumani ziwani kwa kaboti kachakavu. Meli hiyo ina babu wa kweli. Ni Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaopolewa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Abiria wa Ziwa Tanganyika wameipanda vizazi kwa vizazi bila kujali Bogart ni nani.

Jiografia ya filamu, hata hivyo, ni ya kubuni. Mto wanaoushuka unaitwa Ulanga, nao unaingia ziwani. Ulanga tunaoujua wa Morogoro unapeleka maji yake Rufiji na Bahari ya Hindi. Waafrika wanaonekana hasa mwanzoni, kanisani, wakiguna wimbo wasioufahamu huku Hepburn akitokwa jasho kwenye kinanda, kisha kijiji kinachomwa na hadithi inawasahau. Itazame ukijua hilo. Kinachobaki ni watu wawili wa makamo ndani ya boti, na hapo Hepburn hana mpinzani: anaanza akiwa amefunga vifungo hadi shingoni, na unaona vifungo vinavyofunguka kimoja kimoja, vya nguo na vya roho.

Vichekesho vyake ndivyo nusu nyingine ya kazi yake. Kwenye Bringing Up Baby anafuga chui anayesemekana katumwa kutoka Brazil, nchi ambayo haina chui; tusamehe. Adam's Rib (1949) ni mume na mke wanasheria, Hepburn na Spencer Tracy, kila mmoja upande wake katika kesi ya mwanamke aliyempiga mumewe risasi. Walifanya filamu 9 pamoja. Kasoro inayojirudia ni kwamba filamu zake humjenga mwanamke mwenye akili kisha mwishoni humwinamisha. Woman of the Year (1942) ndiyo mbaya zaidi kwa hilo: mwisho wake uliandikwa upya ili mwandishi mashuhuri ashindwe kupika kifungua kinywa.

Pa kuanzia na pa kukwepa

| Nyota | Ya kwanza | Ya pili | Ya tatu |
|---|---|---|---|
| Hepburn | The Philadelphia Story (1940), dakika 112 | Adam's Rib (1949), dakika 101 | The African Queen (1951), dakika 105 |
| Davis | The Letter (1940), dakika 95 | Now, Voyager (1942), dakika 117 | All About Eve (1950), dakika 138 |
| Stanwyck | The Lady Eve (1941), dakika 94 | Double Indemnity (1944), dakika 107 | Baby Face (1933), dakika 76 hivi |
| Bergman | Gaslight (1944), dakika 114 | Notorious (1946), dakika 102 | Casablanca (1942), dakika 102 |

Mpangilio una sababu. Casablanca imewekwa mwisho kwa Bergman kwa kuwa ukianza nayo utaondoka ukimshabikia Bogart. The Lady Eve inatangulia Double Indemnity kwa sababu ukimwona Stanwyck kwanza akiwa muuaji, utamshuku hata anapotania.

Usimwanze Davis na What Ever Happened to Baby Jane? (1962). Ni dakika 134 za kutisha, amejipaka poda kama chokaa, na anachokifanya humo ni kuichezea shere sura yake ya zamani. Asiyeijua sura ya zamani ataona kelele tu. Hepburn usimwanze na Bringing Up Baby kama hujazoea kasi. Filamu hiyo ilifanya vibaya ilipotoka, na mwaka huohuo, 1938, tangazo la wenye majumba ya sinema lilimtaja miongoni mwa nyota waliowakimbiza watazamaji. Kwa Gaslight angalia mwaka: kuna ya Uingereza ya 1940 yenye jina hilohilo, isiyo na Bergman. Na Baby Face ina nakala mbili. Iliyokatwa na wadhibiti ni ya dakika 71; ile kamili ilipatikana 2004 katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Ukiona dakika 71, endelea kutafuta.

Stanwyck ana shimo lake pia. Kwa muda mrefu hakufungwa na studio moja, akafanya filamu zaidi ya 80, na nyingi ni za kawaida tu. Kumchagulia kwa kubahatisha ni kama kununua machungwa gizani.

Kabla hujabonyeza

Filamu zote kumi na mbili kwenye jedwali ni za kabla ya 1953, yaani picha yake inakaribia mraba. Milia myeusi kulia na kushoto ni sahihi. Nyuso zikionekana pana, runinga imeivuta picha. Ingia kwenye mipangilio, chagua 4:3 au ukubwa wa asili. Runinga mpya huwa pia na kitu cha kulainisha mwendo, kinachofanya filamu ionekane kama tamthilia ya mchana. Kizime.

Nakala za bure mtandaoni ni za kuangalia mara mbili. Of Human Bondage (1934) ya Davis na Meet John Doe (1941) ya Stanwyck hazina tena hakimiliki Marekani, kwa hiyo kila mtu anaruhusiwa kuzipandisha, na wengi wamepandisha nakala zenye ukungu na sauti ya bati. Dakika tatu za mwanzo zikikutatiza, tatizo ni nakala, tafuta nyingine. Casablanca iliyotiwa rangi mwaka 1988 iache. Mwanga na kivuli vilipangwa kwa ajili ya nyeusi na nyeupe, na rangi inavifuta.

Kwa hali yako

Kama Kiingereza ndicho kinachokutia hofu, anza na Bergman, Gaslight, maandishi yakiwa yamewashwa kwa dakika kumi za kwanza halafu uyazime.

Kama una saa moja na nusu tu na hutaki kulia, ni The Lady Eve. Ukiwa na mtu unayetaka kumvutia, ni hiyohiyo, ila hakikisha naye anafuata Kiingereza cha haraka.

Anayependa tamthilia za Kituruki au za Kifilipino, zenye familia, siri na machozi, yuko nyumbani kwa Davis. Now, Voyager ina mama mkali ambaye atamkumbusha wakwe wengi. Anayependa upelelezi na uhalifu ataridhika na Stanwyck au na Notorious. Waliochoka kuona wanawake wakisubiri kuokolewa wana chaguo mbili: Stanwyck, ambaye haombi ruhusa, na Hepburn, ambaye haombi ruhusa hadi dakika kumi za mwisho.

Ukitazama na wazazi au watoto sebuleni, Hepburn ndiye salama zaidi. Double Indemnity haina picha ya aibu, lakini maswali ya watoto kuhusu bima yatakuwa mengi. Baby Face usiiweke mbele ya bibi.

Kama kinachokuvuta ni kuona Afrika yetu ilivyopigwa picha miaka ya 1950, tazama The African Queen, kisha toka nje ya wanne hawa: Mogambo (1953) ya John Ford, yenye Ava Gardner na Grace Kelly, ilipigwa Kenya, Tanganyika na Uganda, na The Nun's Story (1959) ya Audrey Hepburn ilifika Kongo. Usitafute maana ya jina la ile ya kwanza kwenye kamusi. Kiswahili kina mgambo, hakina mogambo.

Ukimpa mmoja filamu mbili na bado hakuingii, usiachane na sinema hizi. Hama kwa kupitia daraja. Kutoka kwa Hepburn nenda kwa Bergman kupitia Cary Grant, aliye kwenye The Philadelphia Story na Notorious, au kupitia mwongozaji George Cukor, aliyefanya hiyo ya kwanza pamoja na Gaslight. Kutoka kwa Davis, fuata Paul Henreid: yule anayewasha sigara mbili kwa mkupuo mmoja kwenye Now, Voyager ndiye mume wa Bergman kwenye Casablanca, mwaka huohuo wa 1942. Kutoka kwa Stanwyck, Henry Fonda aliyekwazwa mguu melini ndiye mchumba wa Davis kwenye Jezebel, na miaka arobaini baada ya kuanguka kule yuko na Hepburn kwenye On Golden Pond (1981), wote wawili wakiwa wazee.